Kutoka Nairobi hadi Mabaki ya Meli ya Kale: Mwongozo wa Kuzamia Kwenye Kina Kifupi

Mkazi wa Nairobi anayetaka kuzamia kwenye mabaki ya meli ya kale ana shida moja ambayo mwenyeji wa Mombasa au Unguja hana. Nyumbani kwake ni karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na akishatoka majini hana budi kuupanda tena mwinuko huo wote. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake. Unachukulia kwamba msomaji anajua kuogelea, kwamba hajawahi kubeba mtungi wa hewa mgongoni, na kwamba meli anayoiendea imelala kwenye kina kisichozidi mita 18. Nitaanza na jambo ambalo kwa kawaida huwekwa mwisho, yaani siku ya kurudi, kwa sababu ndilo linaloamua mengine yote.

Hatua ya 1: Panga kurudi kabla ya kupanga kwenda

Ukinunua pakiti ya krispi Mombasa na kuisahau mkobani, utaikuta imevimba kama mto treni inapokaribia Syokimau. Hakuna aliyeongeza hewa ndani yake. Shinikizo la hewa ya nje ndilo lililopungua, kwa karibu sehemu moja ya tano, kadiri treni ilivyopanda bara, na hewa iliyofungiwa ndani ikapata nafasi ya kutanuka. Mwili wa mtu aliyetoka kuzamia hupatwa na jambo la aina hiyo hiyo, ila lake ni la hatari. Anapovuta hewa ya mtungi akiwa chini, shinikizo la maji huifanya nitrojeni iyeyuke katika damu na katika nyama za mwili kwa wingi kuliko kawaida, kisha nitrojeni hiyo huhitaji saa nyingi ili itoke polepole kupitia mapafuni. Akipanda juu kabla haijatoka ya kutosha, hujitenga na kuwa mapovu, mfano wa soda iliyofunguliwa ghafla, na mapovu hayo huleta maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, na mara nyingine kupooza.

Watu wengi wamesikia kwamba haifai kupanda ndege baada ya kuzamia. Wachache hukumbuka kwamba treni na basi la kuja Nairobi nazo hupanda. Shirika la Divers Alert Network, linaloshughulikia usalama wa wazamiaji, hupendekeza kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja ya kawaida, angalau saa 18 baada ya mbizi kadhaa au baada ya siku kadhaa za kuzamia, na muda mrefu zaidi ya huo baada ya mbizi iliyomlazimu mtu kusimama njiani ili kuondoa nitrojeni. Mapendekezo hayo yanahusu mwinuko wa kati ya mita 600 na mita 2,400. Nairobi imo ndani ya mipaka hiyo bila ubishi, na hata njiani, kabla hujaona mabango ya Mtito Andei, umekwisha kuzivuka mita 600.

Fanya hesabu kwa saa. Mtu aliyezamia Jumamosi na Jumapili, na akatoka majini mara ya mwisho saa tano asubuhi ya Jumapili, hatakiwi kuanza kupanda kabla ya saa kumi na moja alfajiri ya Jumatatu, jambo ambalo mwajiri wake pengine hatalifurahia. Aliyemaliza Jumamosi saa nane mchana anaweza kuondoka Jumapili kuanzia saa mbili asubuhi. Kwa hiyo mpango unaomfaa mtu wa kazi za wiki ni kushuka Alhamisi usiku, kuzamia Ijumaa na Jumamosi, na kuiacha Jumapili asubuhi iwe ya mji, maana Ngome ya Yesu peke yake inaweza kumshika mtu nusu siku.

Nilijifunza hesabu hii kwa aibu. Wakala mmoja wa safari alinipangia mbizi mbili asubuhi na treni ya alasiri siku ile ile, nami nikalipa bila kuuliza. Tulipokuwa mashuani, kiongozi wa mbizi alikuwa akikagua mtungi wangu huku akinisemesha ili nisiogope. “Dada, Nairobi unarudi lini?” Nikamwambia, leo saa tisa. Alifunga mtungi, akavua mkanda wa risasi, yaani vile vipande vizito vya madini vinavyomsaidia mzamiaji kushuka, aliokuwa amekwisha kunifunga kiunoni, akauweka sakafuni. “Basi leo utaelea juu na miwani, utazame samaki. Chini hutashuka.” Nilikasirika mpaka tuliporudi ufukweni, na kwa treni ile nilikuwa na muda wa kutosha wa kumshukuru.

Hatua ya 2: Anza mafunzo ukiwa bado Nairobi

Cheti cha kwanza cha kuzamia, kiwe cha PADI, SSI au shirika jingine la mafunzo, kina sehemu tatu: masomo ya nadharia, mazoezi katika bwawa, na mbizi nne katika maji ya wazi. Sehemu mbili za mwanzo zinaweza kumalizwa Nairobi, katika mabwawa ya kuogelea ambako walimu wenye vyeti hufundishia, kisha mwanafunzi akapewa barua ya kukamilishia mbizi nne pwani. Njia hii huokoa siku mbili za likizo, na zaidi ya hayo humpa mtu nafasi ya kuwa na hofu mahali ambapo akisimama tu, kichwa kiko nje.

Utatakiwa kuogelea mita 200 bila kusimama, na kuelea kwa dakika kumi bila kushika kitu. Hakuna anayepima kasi. Utajaza pia fomu ya afya, na hapo usijifiche: pumu, ugonjwa wa moyo, kifafa, upasuaji wa masikio na ujauzito ni mambo ambayo daktari anapaswa kuyaamua kabla ya mwalimu. Mafua nayo yasidharauliwe. Julai ya Nairobi huwajaza watu makamasi, na mtu mwenye pua iliyoziba hawezi kusawazisha masikio, hivyo akilazimisha kushuka anaweza kupasua ngoma ya sikio. Ahirisha safari. Dawa ya kuzibua pua inaweza kuisha nguvu ukiwa bado chini, na hewa iliyoingia ikakosa pa kutokea.

Katika bwawa yafanye mambo matatu mpaka yakuchoshe: kutoa maji yaliyoingia ndani ya miwani bila kupanda juu, kurudisha kinywani kifaa cha kupumulia kilichochomoka, na kuelea katikati ya maji bila kugusa chini wala kuibuka. Hilo la tatu ndilo tiketi yako ya kuingia kwenye mabaki ya meli. Anayejua kujisawazisha kwa pumzi, akivuta ainuke kidogo na akitoa ashuke kidogo, anaweza kupita juu ya mbao za miaka mia tatu asiache alama. Asiyejua atatua juu yake kwa magoti.

Hatua ya 3: Chagua meli, kisha chagua mwezi na mwezi

Si kila meli iliyozama inafaa kwa anayeanza, wala si kila inayofaa inaruhusiwa. Manowari ya Wareno iitwayo Santo António de Tanná ilizama mwaka 1697 mbele ya Ngome ya Yesu, wakati Waomani walipokuwa wameizingira ngome hiyo, na kati ya mwaka 1977 na 1980 wanaakiolojia wa majini wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya waliichimbua, wakaondoa vitu vilivyokuwamo na kuziacha mbao za chombo palepale. Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kuna mabaki mengine ya meli ya Wareno ambayo baadhi ya watafiti wanadhani huenda ni São Jorge ya msafara wa Vasco da Gama wa mwaka 1524, ingawa hawajathibitisha. Mahali pote pawili ni pa utafiti. Mtalii hashuki hapo kwa kukodi mashua tu. Anahitaji idhini ya Makumbusho.

MV Dania, iliyozamishwa kwa makusudi mwaka 2002 mbele ya fukwe za kaskazini mwa Mombasa ili iwe makao ya samaki, hupendwa sana, lakini haina ukale wowote, na sakafu yake iko karibu mita 30, nje ya mipaka ya cheti cha kwanza, ambacho humruhusu mtu kufika mita 18. Iwekee akiba ya mwaka wa pili.

Kwa anayetaka meli yenye historia na kina kifupi kwa pamoja, mimi humwelekeza Unguja, kwenye Great Northern, meli ya Waingereza ya kutandaza waya wa telegrafu chini ya bahari, iliyopanda mwamba na kuzama mwishoni mwa mwaka 1902, si mbali na Mji Mkongwe. Imelala karibu mita 12, jua linaifikia, na matumbawe yamekwisha kuifanya nyumba yao. Kwa safari hiyo, kanuni ya saa 12 na 18 inabaki vilevile, kwa kuwa utarudi Nairobi kwa ndege.

Mwezi wa kalenda una uzito wake. Wakati wa kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba, bahari huchafuka na mawimbi huwa makubwa, na mvua za masika huleta matope. Karibu na Malindi mto Sabaki hugeuza maji kuwa rangi ya chai ya maziwa. Oktoba hadi Machi ndiyo miezi ya kutegemea. Mwezi wa angani una uzito zaidi, na watu wa bara huusahau. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu kuna bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana, na mikondo huenda kwa nguvu. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mikondo hupoa. Kabla ya kulipia chochote, mpigie simu nahodha au kituo cha kuzamia umuulize: “Wiki hiyo ni bamvua au maji mafu?” Utajua mara moja kama unazungumza na mtu anayeijua bahari, naye atajua kama anazungumza na mtu aliyejiandaa.

Hatua ya 4: Ijue meli kabla ya kuiona

Anayeshuka akitarajia meli iliyosimama wima yenye mlingoti na usukani, kama inavyochorwa katika vitabu vya watoto, atarudi akisema hakuona kitu. Kwenye kina kifupi mawimbi ya miaka mingi huivunja meli na kuilaza, hivyo kinachobaki ni vipande vinavyopaswa kusomwa.

Jifunze sehemu za chombo kwa majina yetu wenyewe, kwani tunayo tangu zamani. Omo ni mbele, tezi ni nyuma, mkuku ni ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo chote, mataruma ni mbavu zinazopanda kutoka kwenye mkuku, na ngama ni sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, panapokusanyika maji. Wazee husema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na majini utaona kwamba wanasema kweli hata kwa meli iliyokufa: tezi na omo huvunjika na kutawanyika, na kinachodumu ni kile kilichokuwa karibu na ngama, kwa kuwa kilifunikwa na mchanga mapema.

Chombo cha mbao hubaki pale tu kilipozikwa. Mbao iliyo wazi huliwa na viumbe wadogo wa baharini wanaoitoboa mpaka ikawa kama sega la nyuki, na hii ndiyo sababu mafundi wa majahazi hupaka deheni. Kwa hiyo kwenye meli ya kale ya mbao usitafute mbao kwanza. Tafuta farumi. Hayo ni mawe yaliyowekwa chini ya chombo ili kukipa uzito kisipinduke, na chombo kilipooza, mawe yalibaki yamerundikana kwa umbo la chombo, rundo likiwa refu kuliko upana wake. Utayatambua kwa sababu mara nyingi ni ya mviringo, ya mtoni, yenye rangi isiyofanana na mwamba wa pale. Mtu aliye juu yake kwa mita tatu huona kichuguu tu. Akizunguka polepole na kutazama kutoka pembeni, ghafla anaona kwamba kichuguu kina omo.

Meli ya chuma ina dalili nyingine. Chuma hufunikwa na gamba gumu la kutu, chokaa na matumbawe, kiasi kwamba bomba huonekana kama tawi la jiwe. Boila na injini hudumu kuliko kuta za meli kwa kuwa ni nzito na nene, basi ukiona umbo la pipa kubwa lililolala, hapo ni katikati ya meli au karibu, na kutoka hapo unaweza kukadiria omo na tezi ziko wapi.

Mwombe kiongozi akuchoree ramani kwa mkono, kisha uinakili katika kibao cha kuandikia majini. Kama unapitia Mombasa, ingia Makumbusho ya Ngome ya Yesu ukaone vitu vilivyotolewa kwenye Santo António de Tanná. Jicho lililokwisha kuona mtungi wa udongo ulio safi kabatini halitakipita kipande cha mtungi kilicho mchangani.

Hatua ya 5: Vifaa, na hasa risasi

Vituo vya pwani hukodisha vifaa vyote, kwa hiyo anayeanza anunue miwani peke yake, kwa sababu uso wa kila mtu una umbo lake. Ijaribu dukani bila kufunga mkanda: iweke usoni, vuta pumzi kidogo kwa pua, na iache. Ikishika, inakufaa. Maji ya pwani yetu huwa nyuzi 25 hadi 29, hivyo suti nyembamba ya milimita tatu inatosha, lakini chagua yenye mikono na miguu mirefu, si kwa baridi, bali kwa ajili ya chuma chenye makali.

Kosa linalowapata sana watu wa Nairobi ni kuchukua hesabu ya risasi waliyoizoea bwawani. Maji ya chumvi ni mazito kuliko maji ya bwawani kwa karibu asilimia 2.5, nayo humwinua mtu zaidi. Mtu ambaye pamoja na vifaa vyake ana kilo 90 atahitaji takriban kilo mbili na robo zaidi ya alizotumia bwawani. Usikisie. Ingia majini kando ya mashua, toa hewa yote katika fulana ya kuelea, shikilia pumzi ya kawaida. Uso wa maji ukikufikia machoni, risasi zinatosha. Ukizama moja kwa moja, punguza. Wengi hufurahia uzito kwa kuwa huwashusha upesi, kisha hutumia mbizi nzima wakiburuta miguu juu ya kile walichokuja kukitazama.

Ongeza tochi, hata mchana, kwa sababu maji humeza rangi nyekundu kwanza, na matumbawe yanayoonekana ya kijivu huwaka chini ya mwanga. Ongeza kisu kidogo au mkasi wa kukatia mishipi, kwani mabaki ya meli hunasa nyavu na nyavu hunasa watu. Mwisho, hakikisha kiongozi ana boya la kupandisha juu kabla ya kuibuka. Kwenye kina kifupi mashua za wavuvi na za watalii hupita karibu sana na kichwa chako.

Hatua ya 6: Hesabu ya hewa

Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bari 200 (bari ni kipimo cha shinikizo) una lita 2,400 za hewa. Mtu mtulivu hutumia takriban lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji. Kwenye mita 12 shinikizo ni mara 2.2 ya lile la juu, na matumizi yake hupanda kwa kiasi hicho hicho, yaani lita 44 kwa dakika. Ukiamua kuanza kupanda ukibakiwa na bari 70, una bari 130 za kutumia, ambazo ni lita 1,560, na hizo ni dakika 35. Mwenye wasiwasi hutumia lita 30 badala ya 20, naye hana hata dakika 24. Andika tarakimu zako kabla ya kushuka, na mkubaliane na mwenzako ishara za bari 100 na bari 70. Atakayefika kwanza ndiye anayemaliza mbizi ya wote wawili, wala asiombe radhi.

Hatua ya 7: Kushuka, kuzunguka, kupanda

Watu huambiana kwamba kina kifupi hakina hatari. Mimi sikubaliani nao. Kutoka juu ya maji hadi mita 10 shinikizo huongezeka maradufu, ilhali kutoka mita 20 hadi 30 huongezeka kwa theluthi moja tu. Mabadiliko makubwa kabisa, kwa masikio na kwa mapafu, yako pale pafupi. Kwa hiyo sawazisha masikio mara tu kichwa kinapoingia majini, na uendelee kila mita moja. Bana pua, puliza taratibu, usingoje maumivu. Likiuma, panda mita moja, jaribu tena. Na usishikilie pumzi kamwe unapopanda, hata mita mbili, kwani hewa iliyofungwa mapafuni hutanuka kama ile krispi, na pafu haliwezi kuvimba kama pakiti.

Shukeni kwa kufuata kamba ya boya, lakini nanga isitupwe juu ya meli. Nahodha mwema huifunga mashua kwenye boya la kudumu au huitia nanga mchangani, mbali kidogo, nawe una haki ya kuuliza kabla ya injini kuzimwa. Mkifika chini, simameni kwanza. Tazameni majani ya baharini na vumbi vinaelekea wapi, kisha anzeni kwa kwenda kinyume cha mkondo, ili mkondo uwarudishe mkiwa mmechoka.

Kisha kuna msukosuko, ambao bwawani hamkuufundishwa. Wimbi linalopita juu hufika hadi chini kwenye kina kifupi, likakuvuta mita moja mbele na kukurudisha mita moja nyuma, bila kukoma. Usishindane nalo. Acha likubebe, piga mapezi linapokwenda upande wako, tulia linaporudi, na uache nafasi ya kutosha kati yako na chuma. Niliwahi kumwona mzamiaji, mtu mwenye mbizi nyingi, akijishikilia kwenye taruma la chuma ili apige picha. Wimbi lilipomvuta, gamba la kutu lilimeguka mkononi kwa ukubwa wa sahani, na chuma cheusi kilichokuwa chini yake kikawa wazi. Gamba hilo lilikuwa limekikinga kwa miaka mingi. Mahali pale pataliwa na chumvi haraka kuliko pengine pote.

Elea mita moja au zaidi juu ya mabaki, miguu ikiwa juu kidogo kuliko kifua, na upige mapezi kwa mtindo wa chura badala ya juu na chini, ili usitibue mchanga. Usiingie ndani ya uwazi wowote, hata kama unaona mwanga upande wa pili. Kuingia ndani ya meli kuna mafunzo yake. Usiingize mkono mahali usipoona, kwa sababu mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, hupenda mabomba, na samaki mwenye miiba ya sumu anayejifananisha na jiwe hupenda kila kitu kinachofanana na jiwe.

Usichukue kitu. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 nchini Kenya huyahesabu mabaki ya meli yaliyopita miaka 50 kuwa urithi unaolindwa, lakini hata pasipo sheria kuna sababu ya kitaaluma: msumari ukiwa mahali pake humweleza mtafiti ubao ulifungwaje na upande upi, na ukiwa juu ya kabati la Kileleshwa haumwelezi mtu yeyote lolote. Ukiona kitu kigeni, pima kwa macho, piga picha pamoja na kitu kinachoonyesha ukubwa, kumbuka kina, na utoe taarifa kwa kiongozi wa kituo au kwa Makumbusho.

Kupanda kusizidi mita tisa kwa dakika, yaani polepole kuliko mapovu madogo yako mwenyewe. Simama mita tano kwa dakika tatu, ingawa kwa mbizi ya mita 12 hulazimiki. Kwa mtu atakayepanda tena mita 1,700 baada ya siku moja, dakika hizo tatu ni za bei rahisi. Pandisha boya, sikiliza injini, inua mkono, ibuka.

Hatua ya 8: Saa zinazofuata

Kunywa maji mengi, acha pombe mpaka jioni, usifanye mazoezi mazito, na uandike katika daftari saa kamili uliyotoka majini. Maumivu ya bega au goti yasiyo na sababu, ganzi ya vidole, madoa ya ngozi yanayowasha, uchovu usio wa kawaida: mtu akiona dalili hizi asijiambie kwamba ni mkanda ulibana. Alale, apewe oksijeni safi, na kituo kipige simu kwa daktari wa wazamiaji. Kabla ya siku ya kwanza uwe umekwisha kuuliza kama mashua ina mtungi wa oksijeni na chumba cha tiba ya shinikizo kilicho karibu kiko wapi, na uwe umekagua kama bima yako inahesabu kuzamia, maana nyingi haziuhesabu.

Kuna kosa ambalo mtu wa Nairobi hulifanya kwa nia njema: kupanda basi la usiku ili akamwone daktari wake wa kila siku. Huko ni kuyapanua mapovu yale yale anayoyakimbia. Matibabu yatafutwe chini, pwani, na kama ni lazima mgonjwa asafirishwe kwa ndege, daktari wa wazamiaji ndiye wa kuamua kwa ndege gani na kwa mwinuko gani.

Kama huna dalili yoyote na saa zako zimetimia, panda treni. Safari ni ya saa tano hadi sita, muda unaotosha kujaza daftari la mbizi ukiwa bado unakumbuka: kina, dakika, bari za mwanzo na za mwisho, kilo za risasi katika maji ya chumvi, mwezi ulikuwa bamvua au mafu, na mchoro wa meli kama ulivyoiona wewe, omo upande huu, boila pale, farumi zilipoishia.